Mashine ya Kutafuta Siku

Dada yangu aliniomba siku moja. Hakuomba kitu kingine. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwake, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, akipepeta mchele ambao majirani walikuwa wamemletea, na akasema bila kuniangalia, "Wewe ulisoma. Mutafutie yaya yako siku." Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na yaya akikuomba jambo huku anapepeta, ujue ameshalifikiria kwa wiki kadhaa.

Mume wake alikuwa amefariki miezi kumi kabla. Kwa desturi ya familia zetu mbili, kilio cha mjane hakiishi chenyewe kwa kupita miezi. Lazima pande zote zikae uani kwake siku moja, mkubwa wa upande wetu na ndugu wa marehemu kwa upande wa wakwe. Hapo watu wanazungumza, wanamnyoa nywele, wanammwagia maji, anavua nguo nyeusi, na kuanzia saa hiyo anakuwa mtu kama wengine. Kabla ya hapo haendi sokoni, haimbi kwenye kwaya, na hasa haweki mbegu ardhini. Wamama wa kanisa walikuwa wamemfyekea shamba lake la mpunga wakati wa kiangazi na kulichoma, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa tayari kupanda kabla yake. Mbegu zilikaa ndani ya nyumba, kwenye kapu.

Tulikuwa katikati ya mwezi wa nane, na mvua huanza mwezi wa tisa. Akikosa kupanda, angekula kwa majirani mwaka mwingine mzima, na dada yangu ni mtu ambaye ukimletea chakula kwenye sahani, sahani hiyo hairudi kwako tupu. Miezi kumi alikuwa amezirudisha tupu. Nilimwona siku moja akisugua sahani ya jirani kwa majivu mara tatu, kana kwamba usafi ungeweza kuchukua nafasi ya chakula.

Kupata siku hiyo haikuwa rahisi. Mkubwa wetu, yaani baba mkubwa, anaishi Wamaza. Shemeji, mdogo wake marehemu, anachimba dhahabu Salamabila. Mjomba, kaka wa mama, ana duka la vitambaa hapa Kasongo karibu na msikiti, naye ni Mwislamu kama upande wote wa mama. Mimi na dada tuko hapa hapa Kasongo. Ukiongeza shangazi, binamu na wakwe wengine, watu wa kuulizwa, ukiniacha mimi, walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa wameshajaribu mara mbili kupanga siku kwa kutumiana habari kupitia watu wa pikipiki, na mara zote mbili habari ilifika siku iliyofuata kikao.

Mtu mwenye akili angepanda pikipiki asubuhi ile ile, angezunguka Wamaza na Salamabila, na baada ya siku tano angerudi na jibu. Mimi sikuwa mtu mwenye akili, nilikuwa mtu mwenye diploma. Nilisomea informatiki Bukavu, na ninaifundisha kwenye shule moja ya sekondari yenye kompyuta sita, nne zinazowaka. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikingojea mtu wa familia aniulize swali ambalo masomo yangu yanaweza kulijibu. Hadi siku ile walikuwa wakiniuliza tu kwa nini simu zao zinajaa haraka.

"Yaya," nilimwambia, "siku haitafutwi kwa miguu. Ni hesabu." Aliacha kupepeta, akanitazama kidogo, halafu akaendelea na mchele wake.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Kompyuta yangu ikiunganishwa na modemu ya zamani yenye laini ya simu, ingemtumia kila mmoja wa wale kumi na mmoja ujumbe mfupi: kuna kikao cha familia, siku ni hizi, chagua kwa namba. Mtu angejibu 1, 2 au 3, au zote kama zote zinamfaa. Mashine ingehesabu, ingechagua siku yenye watu wengi, na ingewatangazia wote. Nilichagua ujumbe mfupi kwa sababu nusu ya wakubwa wangu wana simu za vitufe, na nilijisifu moyoni kwa kuwafikiria.

Kazi ya siku mbili ilinichukua wiki tatu. Niliipa mashine jina, Mratibu. Niliichorea alama, kalenda ndogo yenye jua pembeni, ingawa ujumbe mfupi hauna picha na hakuna ambaye angeiona alama hiyo isipokuwa mimi. Niliifundisha kwamba Ijumaa mchana haiguswi kwa ajili ya mjomba na Jumapili haiguswi kwa ajili yetu wengine. Niliifundisha pia kwamba Jumamosi asubuhi kuna salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha barabara. Nilimwachia Mungu siku zake zote. Kwa mambo ya dini, lazima niseme ukweli, mashine yangu haikukosea hata mara moja. Taabu ilitoka upande ambao sikuwa nimeulinda.

Kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa orodha iliyokaa chini ya kila ujumbe: Waliojibu. Kila mtu angeona nani ameshajibu na amechagua siku gani. Niliiita uwazi. Nilifika hata kuwaeleza wanafunzi wangu ubaoni kwamba mtu akiona wenzake wamejibu, naye hujibu. Wakaandika kwenye daftari. Huenda wengine wanayo mpaka leo.

Jumatatu nikabonyeza, ujumbe ukaenda. Jioni nikafungua: waliojibu, sifuri. Jumanne, sifuri. Nikalaumu mtandao, nikalaumu mawingu, nikainua modemu nikaiweka juu ya kabati. Jumatano nikaona dawa yake ni kuwakumbusha watu. Nikaandika mistari michache ili mashine imtumie kila ambaye hajajibu ujumbe mwingine kila baada ya saa sita. Ujumbe wenyewe niliufanya mfupi ili usomeke vizuri: "Hujajibu. Jibu 1, 2 au 3."

Ijumaa asubuhi nikiwa darasani, mtu wa pikipiki kutoka Wamaza alisimama mlangoni na kofia yake ya chuma mkononi. Alinisalimia vizuri, akaomba radhi kwa wanafunzi, kisha akasema, "Baba mukubwa yako ananituma. Anauliza nani amekufa."

Niliposema hakuna aliyekufa, akanieleza. Pale anapoishi baba mkubwa mtandao haufiki nyumbani. Unapatikana juu ya kichuguu kikubwa kama kilima, nyuma ya mji, na juu ya kichuguu hicho kuna mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga. Watu wanamwachia simu zao, naye anazitundika kwenye mti ndani ya vifuko vya plastiki. Simu ikilia, anamwita mwenyewe. Sasa simu ya baba mkubwa ilikuwa ikilia mara nne kwa siku. Mara nne kwa siku mama yule alimpigia kelele kutoka juu, na mzee wangu, ambaye ana magoti mabovu, aliacha alichokuwa akifanya, akapanda, akasomewa kwamba hajajibu. Kwetu habari inayorudi mara nne kwa siku ni ya msiba.

"Anasema, kama kuna mutu amekufa, museme jina yake," yule mtu alimaliza. "Kama haiko, mumuache apumuzike."

Nilizima vile vikumbusho, na baada ya masomo nikaenda dukani kwa mjomba kulalamika, kwa sababu mjomba ndiye hunisikiliza. Alikuwa akikunja vitenge.

"Mjomba, ujumbe wangu ulikufikia?"

"Mesaji? Ilinifikia. Ilinifikia sana."

"Mbona hujajibu?"

"Nani amejibu?"

"Hakuna."

"Baba mukubwa yako amejibu?"

"Hapana."

"Basi." Aliweka kitenge kimoja juu ya kingine. "Unataka mimi niseme mbele yake? Jina yangu ikae pale chini peke yake, wakwe wote waione?"

"Basi yeye aanze, halafu ninyi mfuate."

Mjomba alivua miwani yake akanitazama kwa huruma. "Mukubwa anasema mwisho, mwanangu. Akisema mbele, wengine watazungumuza nini?"

Nilisimama pale dukani nikajiona mjinga, na nilikuwa mjinga kweli. Mdogo hasemi kabla hajajua moyo wa mkubwa uko wapi, na mkubwa hasemi kabla hajawasikia wadogo. Kwenye kikao chenyewe jambo hilo halina shida. Mtu anaanza kwa kuzungukazunguka, anataja mvua, anataja barabara, mkubwa anakohoa au anamtazama mtu fulani, na polepole kila mmoja anajua siku inaelekea wapi bila yeyote kuitaja. Mashine yangu haikuwa na mahali pa kukohoa. Na mimi sikuwa mgeni wa mambo haya. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo tangu utotoni, nimefunga mdomo kama inavyotakiwa. Nilikuwa nikiyajua yote, kisha nikayaacha mlangoni pamoja na viatu siku nilipokaa mbele ya kompyuta.

Bado nilikuwa na nafasi ya kupanda pikipiki. Badala yake nilirudi nyumbani nikafuta ile orodha ya waliojibu, ili asiwepo anayeona nani ametangulia, nikatuma upya.

Safari hii majibu yalikuja, na yalikuja mengi. Shangazi aliandika, "Nafuata wakubwa." Binamu mmoja aliandika, "Mimi niko nyuma ya baba mukubwa." Shemeji aliandika kutoka Salamabila ujumbe mrefu: "Jambo shemeji. Sisi tuko wazima kidogo. Watoto wanasalimia. Kwa ile kikao sisi ni wageni, tutapokea siku mutakayosema. Mungu awalinde." Mashine ilitafuta namba ndani ya maneno hayo mazuri, haikuiona, ikamjibu kama nilivyoifundisha: "Jibu halieleweki. Andika namba."

Shemeji aliandika, "Samahani." Mashine ikamjibu, "Jibu halieleweki. Andika namba." Akaandika tena, "Shemeji, tumewakosea nini?" Mashine ikamjibu vile vile.

Mazungumzo hayo niliyasoma jioni, yote matatu. Ndugu wa marehemu, mtu aliyembeba kaka yake begani mpaka kaburini, alikuwa ameomba radhi kwa modemu iliyo juu ya kabati langu. Nilimpigia simu, haikupatikana. Nikamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, nikamsalimia, nikamwomba asijali, nikamwambia ni mashine. Alijibu baada ya siku mbili: "Sawa. Ile mashini iko kali."

Mtu mwingine angezima kila kitu hapo. Mimi niliandika mistari sita zaidi. Kanuni mpya ilikuwa hii: anayesema anafuata wakubwa amekubali siku zote, na anayenyamaza siku tatu naye amekubali siku zote. Nilijiambia kwamba sasa hatimaye naheshimu desturi, maana kwetu si kila mtu husema ndiyo kwa mdomo. Baada ya siku tatu mashine ikahesabu, ikakuta watu wote kumi na mmoja wana nafasi siku zote, na kwa kuwa siku zote zilikuwa sawa, ikachukua ya kwanza kwenye orodha. Ikawatangazia: "Kikao ni Jumamosi saa tisa mchana, nyumbani kwa mjane. Wote wamekubali." Yale maneno mawili ya mwisho niliyaongeza mimi, kwa furaha tu.

Nilikwenda kwa dada mbio.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Hata baba mukubwa?"

"Mashine imehesabu, yaya."

Alikunjua miguu. Kisha akainuka akaenda kuazima sufuria. Ijumaa alichota maji, akayaweka kwenye beseni kubwa nyuma ya nyumba, akalifunika kwa ungo. Akatoa kitenge kipya alichokuwa amekificha chini ya godoro, akakining'iniza kwenye kamba ya ndani kiondoke mikunjo. Nilimsikia akiimba sauti ya pili ya wimbo mmoja wa kwaya, taratibu, na nikajipongeza. Nilifikiri jinsi nitakavyoeleza jambo hilo kwa walimu wenzangu.

Jumamosi saa nane na nusu walifika shemeji na watu wake, sita juu ya pikipiki tatu. Walikuwa wametoka Salamabila tangu jana. Walisimama mtoni kabla ya kuingia mji, wakaoga, wakavaa mashati safi waliyoyabeba kwenye mifuko. Waliingia uani wamependeza. Kutoka upande wetu nilikuwa mimi peke yangu; wengine walikuwa wakingoja kumwona baba mkubwa apite kwanza.

Saa tisa ilipita. Nikakimbia kwa mjomba. Alifunga duka papo hapo, akavaa kofia yake, akaja, akawasalimia wakwe mmoja mmoja kwa heshima zote, lakini kabla ya kukaa alinivuta pembeni. "Mimi naweza kukaa nao na kula nao. Kumumwagia maji, hapana. Mimi ni mutu wa upande wa mama. Baba mukubwa yako iko wapi?" Nikasema sijui. Mjomba alikwenda akakaa, akawazungumzisha wageni habari za madaraja na matope, daraja moja baada ya jingine, mpaka jua likaanza kushuka. Nikimkumbuka mjomba siku zote namkumbuka hivyo, akiniokoa kwa kuzungumza habari za madaraja.

Shemeji ndiye aliyeuliza mwishoni, kwa sauti ya kawaida, "Baba mukubwa iko mugonjwa?"

"Sijui, shemeji."

"Ile mesaji ilisema wote."

"Ndiyo."

"Wote ni nani?"

Niligeuka kutazama njia. Dada alikuwa kwenye mkeka wake na nguo zake nyeusi, macho chini. Baada ya muda aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akayatumia yale maji ya kwenye beseni kuoshea sufuria alizoazima. Kesho yake asubuhi wakwe waliondoka. Shemeji alinishika mkono akasema, "Siku ingine mutatuma mutu."

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Kutoka uani kwa dada unaiona njia inayokwenda mashambani, na wiki ile watu walipita na makapu na majembe tangu alfajiri. Alimsalimia kila mmoja. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Shamba yangu inaanza kuota majani," na nikarudi nyumbani nikiwa na hasira, nami mwenyewe kwanza, halafu na wengine kumi na mmoja kwa zamu.

Jumatano ya wiki iliyofuata nikapanda pikipiki kwenda Wamaza. Nilibeba kompyuta ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwa sababu bado nilikuwa na wazo la kumwonyesha baba mkubwa kwamba kosa halikuwa langu peke yangu. Tulianguka mara mbili kwenye matope. Mara zote mbili niliinua kompyuta juu nikaacha mwili uanguke, na hilo linaeleza vizuri mtu niliyekuwa.

Baba mkubwa alikuwa mlangoni kwake akichonga mpini wa jembe. Alinipa maji ya kunawa, akanipa chakula, akaniuliza habari za kila mtu kwa zamu yake, hata za mwalimu mkuu ambaye hawajawahi kuonana. Nilipomaliza kula alisema, "Sasa sema."

Nikasema. Nilieleza namba, orodha, kanuni, mistari sita. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipapasa mpini kwa kidole kutafuta miba.

"Ile mesaji ya mwisho nilisomewa," alisema. "Ilisema wote wamekubali. Mimi sikukuwa nimesema kitu. Nikajiambia, basi mimi sihesabiwi tena. Nikashuka, nikaenda kulima."

"Baba, nilihesabu kunyamaza kwako kuwa ni ndiyo."

"Kunyamaza kwangu kulikuwa kunyamaza," alisema.

Hakuwa na hasira, na ndiyo maana iliniuma. Mzee huyu ndiye aliyenilipia pikipiki ya kwanza iliyonipeleka shule, na kwa karibu wiki mbili alikuwa akilima huku akiamini kwamba tumemtoa kwenye ukoo kwa ujumbe wa simu.

Aliomba aione mashine. Nikaifungua juu ya kiti. Yeye hasomi vizuri, kwa hiyo aliniambia nimsomee majina, na kwa kila jina akaitikia kwa kichwa. Nilisoma kumi na moja. Nilipomaliza, aliendelea kungoja.

"Na mwenye kilio?" aliuliza.

Nilitazama skrini. Dada hakuwemo. Ana simu, na namba yake naijua kwa kichwa kuliko namba nyingine yoyote duniani. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimemwandika sehemu moja tu, kwenye mahali pa kikao: nyumbani kwa mjane. Mjomba alikuwa na Ijumaa yake, shangazi alikuwa na Jumapili yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeondoa Jumatano kwa sababu siku hiyo nina masomo sita.

"Yeye ulimuuliza siku gani anataka?"

"Sikumuuliza, baba."

Baba mkubwa alikohoa. Nikaelewa, nikainuka, nikampa mkono, tukapanda kichuguu pamoja, yeye akiegemea bega langu na kusimama kila baada ya hatua chache. Yule mama wa mihogo alituletea simu yake kutoka mtini. Nilibonyeza namba ya dada, akapokea.

"Yaya, niko na baba mukubwa. Anauliza, wewe uko na nafasi siku gani?"

Niliitazama simu kuona kama mtandao umekatika. Ndipo akasema, "Mimi niko na nafasi kila siku. Miezi kumi na moja niko na nafasi. Ile ndiyo kilio."

Sikuweza kumrudia baba mkubwa maneno hayo. Haikuwa lazima, simu yake ina sauti kubwa na alikuwa ameyasikia. Alikaa chini juu ya kile kichuguu, magoti yamenyooka mbele, akatazama mihogo ikikaangwa. Nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kutafuta nani ana nafasi na nani hana, na mtu pekee aliyekuwa na nafasi zote alikuwa amefungiwa ndani yake. Nililia kidogo. Yule mama wa mihogo alinipa kipande cha muhogo bila kuuliza.

"Siku ya tatu ya kazi ya juma lijalo," baba mkubwa alisema. "Jumatano. Mimi nitakuwa pale. Wewe hauendi Kasongo. Unaenda Salamabila, unamwambia shemeji yako kwa mudomo. Mashini ilisema vibaya kwa jina yako, sasa wewe nenda useme vizuri." Hakuuliza kama nina masomo.

Nilikwenda. Nilimkuta shemeji kando ya mto, miguu imejaa udongo, nikapiga magoti nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Aliniinua. "Umeleta jibu?" aliuliza. Nikasema ndiyo, Jumatano. "Na namba yake ni ngapi?" Wenzake wakacheka sana, nami nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa nimestahili.

Jumatano walifika wote. Hakuna aliyeuliza saa. Mwingine alikuja asubuhi na mapema, mwingine karibu na mchana, na kikao kilianza watu walipokuwa wametimia. Walizungumza kwa kuzunguka, mvua, barabara, marehemu, watoto, na baba mkubwa akasema mwisho, maneno machache. Shangazi akamnyoa dada nywele. Baba mkubwa na shemeji wakammwagia maji pamoja, akaingia ndani akatoka na kitenge kipya, kichwa kinang'aa, na wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa pembeni nimefunga mdomo.

Tukala. Baada ya chakula zikaja shukrani. Shemeji alishukuru kwa niaba ya wakwe, mjomba akashukuru, shangazi akashukuru wote wawili, na mtu mmoja akakumbuka kwamba barabara haijasemwa vya kutosha. Hatimaye baba mkubwa akataka kumpa dada mawaidha na kufunga kwa sala. Tukageuka. Kiti chake kilikuwa kitupu. Walimwita ndani, hakuwemo, na kapu nalo halikuwemo.

Nikatumwa mimi. Shamba lake si mbali, unavuka kijito na kupanda kidogo. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekunja kitenge kipya mpaka magotini na kukifunga fundo, miguu kwenye matope, anachimba kishimo, anadondosha mbegu, anafukia kwa unyayo, anasogea hatua moja. Majani yalikuwa yameanza kuota pande zote, na alikuwa akiyang'oa kwa mkono wa kushoto huku akiendelea na wa kulia.

"Yaya," nilimwita, "wakubwa wanakuita. Wanataka kufunga kikao. Wanasema ni dakika kumi tu."

Alichimba kishimo kingine.

"Uwaambie leo sina nafasi," alisema.

Nilirudi nikasimama mbele ya pande zote mbili, nikayasema maneno hayo kama alivyoyasema. Hakuna aliyekasirika. Baba mkubwa aliuliza tu amefika mstari wa ngapi.